Mashine za Dawa Zisizojuana

Usiku ule kengele ya mtambo wa hewa ililia, ikanyamaza baada ya dakika sita. Nilikuwa zamu, fundi wa umeme na vipimo katika kiwanda kimoja cha dawa, mbali na nyumbani Tanga. Mlango wa chumba namba 4, mojawapo ya vyumba vya kufyatulia vidonge, ulikuwa umebaki wazi. Vyumba vya namna hiyo hushikiliwa kwa mgandamizo wa hewa ulio chini kidogo kuliko wa korido, ili vumbi la dawa libaki mlemle lilimotokea. Mlango ukibaki wazi tofauti hiyo hupotea, na vumbi likapata njia. Chumba namba 5, jirani yake, kulikuwa kunafyatuliwa dawa nyingine kabisa, ya kisukari.

Asubuhi mfamasia mkuu wa idara ya ubora alinikalisha mezani. "Fundi, naomba unisaidie jambo moja tu. Dakika zile mlango wa nne ulipokuwa wazi, hopa ya chumba cha tano ilikuwa imefunikwa au imefunuliwa?"

Hopa ni chombo cha juu ya mashine kinachoshika unga wa dawa kabla haujawa vidonge; ikiwa wazi, vumbi la jirani linaingia. Jibu lilikuwamo ndani ya mashine. Kompyuta ya mtambo wa hewa ilionyesha mlango ulikuwa wazi kuanzia saa 8:14 usiku hadi 8:20. Mashine ya chumba cha tano ilionyesha ilisimamishwa na hopa ikafunguliwa saa 8:25, ikafungwa 8:31. Tukashusha pumzi. Kisha kijana aliyekuwa akiiendesha mashine ile akasema kwa adabu, "Samahani Mama, saa ya ile mashine iko mbele." Tukaenda kuipima kwa simu: mbele dakika 11. Basi 8:25 yake ilikuwa 8:14 ya mtambo wa hewa, dakika ileile. Lakini usiku ule ilikuwa mbele kwa dakika ngapi? Kuna aliyeigusa asubuhi? Na saa ya mtambo wa hewa nayo, nani aliwahi kuihakiki? Tukaitafuta mashine ya tatu iwe shahidi, ile ya kupaka vidonge utando, tukakuta inafuata saa za Ulaya, na kila mwezi Machi hujirusha saa moja mbele kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa huko ilikotengenezwa. Kwenye karatasi ya bechi, yaani ya fungu moja la dawa linalotengenezwa pamoja, kijana alikuwa ameandika 8:15. Alikadiria, kama tunavyokadiria sote tukiwa na glavu mikononi.

Wiki kadhaa bechi ile ilikaa imefungiwa stoo. Mwishowe ikateketezwa. Haikuthibitika kuwa imeharibika, ila hakuna aliyeweza kuweka saini yake kuwa ni salama, na kwa dawa hilo linatosha. Pengine zilikuwa dawa nzuri kabisa. Nimeliwaza jambo hilo kila ninapomwona mtu mzima ameketi kwenye benchi la zahanati anaambiwa dawa yake ya sukari haijafika.

Ndiyo maana sikubali kuunganisha mifumo ya mitambo kuitwe anasa ya viwanda vya Ulaya. Kiwanda kile hakikuwa na uhaba wa kompyuta. Kila mashine ilikuwa na kioo chake cha kugusa, kumbukumbu zake na kengele zake. Zilichokosa ni kujuana.

Na hazijuani kwa sababu ya namna tunavyozinunua. Kiwanda cha dawa kwetu hakijengwi kwa siku moja. Mwaka huu fedha imetosha kikaushio, kinaletwa kutoka India. Baada ya miaka miwili inapatikana mashine ya kufyatua vidonge, ya China au Ujerumani. Mashine ya kufungasha inatoka Italia, maana eneo la Bologna limejaa watengenezaji wake. Mtambo wa kusafisha maji umeletwa na mkandarasi mwingine, mtambo wa hewa na mwingine tena. Kila mashine inakuja na PLC yake, kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, na kila PLC imelelewa katika lugha ya nyumbani kwake.

Tatizo hili limezeeka. PLC za kwanza zilibuniwa Marekani mwaka 1968, Dick Morley akiwa mmoja wa waasisi wake, na kampuni yao, Modicon, mwaka 1979 ikatoa Modbus, itifaki (kanuni za mashine kuzungumza) ambayo mpaka leo utaikuta kwenye mita za umeme na pampu za maji. Kampuni nyingine zikatengeneza itifaki zao, kila moja ikitamani mteja asihame. Mwaka 1996 ikaja OPC, makubaliano ya jinsi programu itakavyosoma takwimu za mashine yoyote bila kujali imetengenezwa na nani. Ilitegemea sana kompyuta za Windows. Mwaka 2008 ikafuata OPC UA, ambayo haitegemei Windows na imekuja na ulinzi wake ndani yake. Kwa hiyo kwa mashine mpya lugha ya pamoja ipo, na si ngeni tena. Anayeuziwa leo mashine isiyoijua lugha hiyo ameuziwa hivyo kwa sababu hakuuliza.

Kabla ya kufika kwenye kuuliza, nieleze kinachoziunganisha mashine hizi sasa. Ni kalamu. Kila nusu saa mwendeshaji anasoma kioo, anaandika joto na mgandamizo kwenye karatasi ya bechi, mwenzake anatia saini ya kushuhudia. Zamu ikiisha karatasi inakwenda ubora. Ofisini mtu mwingine anaziingiza namba zilezile kwenye kompyuta ili stoo na uhasibu wazione. Namba moja imenakiliwa mara mbili, imepita mikono mitatu, na mashine iliyoizalisha ilikuwa nayo tayari tangu mwanzo, sahihi mpaka nukta ya desimali.

Simlaumu mwendeshaji. Nimesimama naye saa kumi alfajiri macho yakiwa mazito, kikaushio kinapiga kelele, hewa imejaa harufu ya spiriti ya kusafishia, naye bado anakumbuka kuandika. Kumfanya mtu awe waya ni kumwonea. Kanuni za dawa duniani zinataka kila takwimu ijulikane ni ya nani, isomeke, iandikwe wakati uleule jambo linapotokea, iwe ya asili na iwe sahihi. Kanuni ya Marekani ya kumbukumbu na saini za kielektroniki ni ya mwaka 1997. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wake wa uadilifu wa takwimu, na toleo la karibuni ni la 2021. Ukiyasoma matakwa haya polepole utaona mengi ni matakwa ambayo mashine huyatimiza kwa urahisi na binadamu kwa taabu. Sisi tumempa binadamu.

Kwetu mkaguzi naye amekua. Mwaka 2018, ilipokuwa bado inaitwa TFDA, mamlaka yetu ya dawa ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Leo ni TMDA. Mdhibiti wa ngazi hiyo akiingia kiwandani haulizi tu kama karatasi imejazwa. Anauliza takwimu ya asili iko wapi. Ukimwonyesha karatasi, na mashine ina kumbukumbu yake ndani ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, hapo mazungumzo yamegeuka.

Sasa, kuunganisha ni nini hasa? Wengi wanaona waya. Waya ni kazi ya mwisho, na ndiyo rahisi. Kazi ya kwanza ni kukubaliana juu ya majina. Katika kiwanda kile tangi moja la maji yaliyosafishwa liliitwa TK-101 kwenye michoro, Tank 2 kwenye kioo cha mtambo wa maji, na "tangi la juu" kwenye midomo ya watu wote. Mashine ya kufyatua ilihesabu vidonge, ya kufungasha ilihesabu pakiti, stoo ilihesabu makatoni, na programu ya uhasibu ilitaka kilo. Zivute namba hizo zote kwenye seva moja, kompyuta kuu ya kiwanda, kesho asubuhi, hujaunganisha chochote. Umekusanya kelele mahali pamoja.

Kwenye majina na mpangilio, wahandisi wametangulia, nasi hatuna haja ya kuanza upya. Mwaka 1995 chama cha wahandisi wa vipimo cha ISA kilitoa kiwango cha ISA-88, cha uzalishaji wa bechi kwa bechi. Wazo lake kuu mpishi wa harusi pale Ngamiani, Tanga, analielewa bila mwalimu: mapishi ni kitu kimoja na jiko ni kitu kingine. Pilau ni ileile, kitunguu kwanza, nyama, viungo, mchele, iwe inapikwa kwa kuni uani au kwa gesi ukumbini. Mapishi hayasemi "fungua gesi nusu". Yanasema "kaanga mpaka kitunguu kiwe cha kahawia", na kila jiko linajua lenyewe litafikaje hapo. Vivyo hivyo kwa dawa: fomula na hatua zake zikae mahali pake, uwezo wa kila mashine ukae mahali pake, na kati yao pawe na makubaliano. Kiwanda kilichochanganya hivi viwili ndani ya PLC kitabadilisha programu ya mashine kila mara dawa inapobadilika, na kila badiliko la programu ni uthibitishaji mpya. ISA-95, kilichoanza kutoka mwaka 2000, kinafanya kazi ya aina hiyo kati ya sakafu ya kiwanda na ofisi: kipi kinapanda juu, kipi kinashuka chini, na kwa jina gani.

Neno uthibitishaji ndilo linalowatisha wakurugenzi, na wana haki. Kwenye kiwanda cha sementi au cha maziwa fundi akiona njia nzuri zaidi ya kuunganisha pampu na kompyuta ataijaribu mchana na jioni inafanya kazi. Kwenye dawa kila kiungo kati ya mashine na kompyuta lazima kiandikiwe kwa nini kipo, kinaweza kukosea vipi, kimejaribiwaje, na nani ameidhinisha. Ni kazi ya wiki, wakati mwingine miezi. Lakini tusiukuze mzigo huu mbele ya watu kuliko ulivyo. Mwongozo wa GAMP 5, wa mifumo ya kompyuta katika viwanda vya dawa, uliotoka 2008 na kupata toleo la pili 2022, unataka juhudi za uthibitishaji zilingane na hatari kwa mgonjwa. Kiungo kinachosoma tu joto la kikaushio na kulihifadhi hakihitaji mlima wa karatasi sawa na kiungo kinachoiamuru mashine iongeze joto.

Hapa ndipo nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Viwanda vyetu visianze na ile mifumo mikubwa inayoahidi kuendesha kiwanda kizima kutoka kwenye kioo kimoja. Vianze kwa kusoma. Kuona kabla ya kuamuru. Mashine zibaki zikijiongoza zenyewe, waendeshaji wabaki kwenye vioo vyao, ila kila namba inayoingia kwenye karatasi ya bechi isomwe moja kwa moja kutoka kwenye mashine ikiwa na saa yake na jina lake. Mtambo wa hewa, mtambo wa maji, mizani za chumba cha kupimia, kikaushio, mashine ya kufyatua. Kiwanda kikikaa mwaka mzima kinaona tu, kitakuwa kimejifunza mengi kuhusu chenyewe kuliko mshauri yeyote atakavyoweza kukiambia, na kitajua amri zipi zinafaa kupita kwenye waya na zipi zibaki mkononi mwa mtu.

Wapo wanaosema afadhali mashine zibaki zimetengana, virusi visipate njia. Hoja hii siichukulii kwa wepesi. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa NotPetya viliikumba kampuni ya Merck ya Marekani, na uzalishaji wa chanjo yake ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ukakwama kwa muda. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wake dhidi ya HPV nchi nzima, kwa hiyo si habari ya watu wa mbali. Lakini kutengana tunakojivunia hakupo. Fundi wa kampuni ya mauzo anakuja na kompyuta yake ya mkononi, anaichomeka. Msimamizi anataka ripoti ya mwezi, anachomeka flashi aliyotoka nayo kwenye duka la kuchapisha. Stuxnet, programu nyingine hasidi ya kompyuta iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia kwenye mitambo kwa flashi, si kwa intaneti. Mtandao uliopangwa, wenye ukuta kati ya ofisi na sakafu ya kiwanda, na njia moja tu inayojulikana, ni salama kuliko mashine kumi zilizotengana zinazotembelewa na flashi ileile.

Turudi kwenye kuuliza. Vita hivi tunavishinda au tunashindwa kwenye karatasi za zabuni, miezi mingi kabla kontena halijafika bandarini. Nimezisoma kadhaa. Zinataja vidonge vingapi kwa saa, chuma cha pua cha daraja gani, umeme wa volti ngapi, dhamana ya miezi mingapi. Kuhusu takwimu za mashine, kimya. Kisha mashine inafika, mtaalamu wa kigeni anaiwasha, anafundisha watu siku tatu, anaondoka na nywila ya PLC mfukoni. Baada ya miaka miwili unataka kuisoma mashine uliyoinunua mwenyewe, kiwandani mwako, unaambiwa leseni ya mawasiliano inauzwa kando, na bei yake inakufanya urudi kwenye kalamu. Nimeandika barua pepe za kuomba nywila ya mashine yetu wenyewe mara nne. Ya nne ndiyo iliyojibiwa, pamoja na ankara.

Ukurasa mmoja kwenye zabuni ungetosha. Mashine izungumze OPC UA, na leseni yake iwe ndani ya bei. Orodha kamili ya takwimu zake itolewe kwa maandishi, kila moja na kipimo chake. Nywila na nakala ya programu zikabidhiwe siku ya makabidhiano. Saa yake ikubali kuongozwa na saa ya kiwanda. Kumbukumbu zake za nani alibadilisha nini ziweze kusomwa kutoka nje. Na malipo ya mwisho yasitoke mpaka namba ya kwanza ya mashine hiyo ionekane kwenye seva ya kiwanda, mbele ya mfamasia, siyo mbele ya mhasibu peke yake. Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekasirika amekuambia kitu muhimu mapema.

Kuna sababu kubwa kuliko gharama. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na sumu za diethilini glikoli na ethilini glikoli, zikihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Kinga ya kwanza ya janga la namna ile ni maabara kupima malighafi, na hakuna mtandao utakaochukua nafasi ya kipimo. Lakini likitokea shaka juu ya pipa moja la malighafi, swali linalofuata ni: pipa lile liliingia kwenye bechi zipi, na bechi zile ziko wapi sasa? Kwenye kiwanda ambacho mizani, stoo na karatasi ya bechi vinajuana, jibu ni la dakika. Kwenye kiwanda cha kalamu watu wanapanda ngazi za chumba cha kumbukumbu, wanashusha mafaili, na siku zinapita huku chupa ziko madukani.

Nayaandika haya nikiwa Tanga kwa sababu mji huu una haki ya kuyasikia mapema. Kule Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, wakapanda mikwinini, na vita vya kwanza vilipofunga njia za bahari kwinini ya malaria ilitengenezwa papo hapo milimani. Korogwe imeshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na wenzetu wa Bagamoyo. Mkoa huu haujawa mgeni kwa dawa hata siku moja. Una bandari, una watu waliozeeka kwenye viwanda, una vijana wanaotoka VETA na kozi za umeme wakitafuta pa kushika. Na una mfano mbele ya macho: bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Bomba la namna hiyo haliendeshwi kwa kila kituo cha pampu kuwa na lugha yake na saa yake; mawasiliano yake hufikiriwa kwenye mchoro, kabla mtaro haujachimbwa. Atakayejenga kiwanda cha dawa Pongwe au popote pwani hii afikirie hivyo hivyo. Na aajiri mapema vijana wawili watatu wa hapa, wakae na wachoraji tangu siku ya kwanza, waujue mfumo kama wanavyojua njia za mtaani kwao, ili nywila zisirudi tena kwenye ndege.

Kwenye kile kiwanda cha mwanzo, baada ya bechi kuteketezwa, nilimwomba mfamasia jambo moja tu. Sikuomba mfumo. Niliomba saa: kisanduku kidogo kinachopokea wakati kutoka kwenye setilaiti, na waya wa kukifikisha kwenye kila mashine inayokubali. Mashine tatu zilikubali. Mbili hazikukubali, hizo tukaziwekea utaratibu wa kuhakikiwa kila Jumatatu asubuhi na kusainiwa. Uthibitishaji wake ulichukua wiki tatu.

Miezi mitano baadaye mlango wa nne ukaachwa wazi tena. Tulikaa mezani watu walewale. Mlango ulifunguka saa 6:41 usiku na sekunde 20, ukafungwa 6:43. Hopa ya chumba cha tano ilikuwa imefungwa tangu saa 6:02. Mfamasia alisoma mara mbili, akaomba kalamu, akasaini, na bechi ikatoka mchana uleule.